Ukingo wa Ngozi na Zana za Fundi Anayeanza

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mnunuzi akabidhiwapo mkanda wa ngozi, aghalabu haanzi kwa kuutazama uso wake. Huupitisha mkono. Kidole gumba huteleza juu ya ukingo kutoka kwenye bizimu hadi nchani, na kabla hajauliza bei huwa amekwisha kukata shauri. Ukingo ukiwa umetoa nyuzinyuzi kama kitambaa kilichochanika, mkanda hurudishwa juu ya meza, hata kama ngozi yake ni ya mgongo wa ng'ombe na mshono wake umenyooka kama uzi wa fundi seremala. Chama cha msingi kinachotaka wanachama wake wasiishie kuuza ngozi mbichi tu, bali wauze mikanda, makubazi na mikoba, hakina budi kulielewa jambo hili mapema, maana ndilo linalotenganisha bei ya ufundi na bei ya kubahatisha.

Jambo la pili humfikia katibu kwa njia ya karatasi. Vijana watano au sita hukubaliana kuanza kazi ya ngozi, huomba mkopo wa zana, na orodha wanayoiambatanisha imenakiliwa kutoka kitabu cha mfanyabiashara wa zana. Mna visu vya namna saba, vyuma vya kuchorea maua, mihuri ya herufi, nyundo tatu, na chini kabisa, kana kwamba ni nyongeza, ngozi. Katibu akitia sahihi karatasi hiyo kama ilivyo, fedha za wanachama zitakuwa zimekwisha kabla ngozi ya pili haijanunuliwa. Kazi hii hujifunzwa kwa kuharibu ngozi, na ngozi ya kuharibu lazima iwepo. Kijana mwenye zana arobaini na kipande kimoja cha ngozi ataogopa kukata. Asiyekata hajifunzi, na mkopo una tarehe yake.

Kwa hiyo yafaa ngozi itangulie. Wengi wanaoanza hukosea katika ngozi wakadhani ni mikono yao iliyo mibaya. Ngozi iuzwayo madukani ni ya namna kuu mbili. Ya kwanza ni ile iliyosindikwa kwa magome ya miti. Mafundi wa pwani waliyajua magome ya mkandaa tangu zamani, na magome ya Rufiji yalisafirishwa kwa majahazi na meli kwa kazi hiyo hiyo. Bara, mti wa kazi hiyo ni muwati, uliotoka Australia, na mashamba makubwa ya Njombe yalianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake. Namna ya pili ni ngozi ya kromu, iliyosindikwa kwa chumvi za madini, njia iliyopata hataza Marekani mwaka 1884 kwa jina la Augustus Schultz. Kwa kuwa kromu huikamilisha kazi kwa siku chache ambapo magome hutaka majuma mengi, sehemu kubwa ya ngozi duniani leo ni ya kromu. Ni ngozi nzuri kwa kiatu cha juu, kwa koti na kwa mkoba laini. Lakini ukingo wake haukubali kusuguliwa ukang'aa. Fundi anaweza kuusugua kutwa nzima, na asubuhi akaukuta umesimamisha nyuzi zake kama mwanzo.

Kuzitambua si kazi. Ikatwe kamba nyembamba na pachunguzwe pale palipokatwa. Ngozi ya magome ni ya rangi ya kahawia au ya maziwa yaliyochanganywa na chai, kutoka uso mmoja hadi wa pili. Ngozi ya kromu aghalabu huonyesha katikati rangi ya kijivu au ya samawati iliyopauka, hata kama nje imepakwa rangi nyeusi. Kisha litiwe tone la maji upande wa nyama: ngozi ya magome hulinywa upesi na kuwa nyeusi mahali hapo, na ikikunjwa ingali na unyevu hubaki na umbo lake. Mwenye duka asipokubali ngozi yake ikatwe ncha au itiwe tone la maji, ni afadhali fedha zirudi nazo mfukoni.

Tena ngozi moja si sawa pande zote. Mgongo umeshikana; tumbo limelegea, nyuzi zake zina nafasi kati yao, na ukingo wake huvimba na kuchanika. Mkanda ukatwe mgongoni, uwe na unene wa milimita 3 hadi 4. Matumbo ni bei ndogo, na hayo ndiyo ya kujifunzia kukata na kushona. Lakini anayejifunza kusugua ukingo apewe walau vipande vya mgongo, la sivyo atajilaumu kwa kosa la ng'ombe.

Sasa zana. Ya kwanza ni kisu, na hapa pasiwe na ubahili. Kisu chembamba cha kubadilishwa wembe chamfaa anayeanza kuliko kile cha mpini mkubwa chenye sura ya mwezi, ambacho hupendeza ukutani lakini humtaka mtu aliyezoea kukinoa. Pamoja na kisu kiwepo kinoo, na kipande cha ngozi kilichobandikwa juu ya ubao ili kisu kipitishwe hapo baada ya kunolewa, kama kinyozi wa zamani alivyokuwa akiupitisha wembe wake juu ya mkanda. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu hulazimisha mkono kutumia nguvu, na nguvu ikiponyoka haina pa kwenda ila kwenye mkono wa pili.

Cha pili ni rula ya chuma. Ya mbao na ya plastiki zote huliwa na kisu, na baada ya juma moja hazinyooshi tena mstari. Kisha bikari, ile ile ya mwanafunzi wa hesabu, ambayo mguu wake mmoja ukitembezwa nje ya ukingo, wa pili huchora mstari wa mshono ulio mbali sawasawa kote. Milimita 3 au 4 zatosha kwa mkanda. Kisha maharazi, yaani ile sindano nene yenye mpini ambayo fundi viatu hutobolea ngozi. Mafundi wengi wa barabarani hujitengenezea yao kwa njiti ya gurudumu la baiskeli iliyonolewa ncha, na kwa kazi ya kiatu kinachovuja haina lawama. Kwa mkanda wa kuuzwa, hata hivyo, ncha yenye pande nne zilizobonyea kama almasi hufanya tundu linalojifunga tena juu ya uzi, nayo yafaa kununuliwa. Sindano ziwe mbili, ncha zake butu, kwa sababu njia hutobolewa na maharazi, na sindano zenye ncha kali huuchoma uzi uliokwisha kupita. Uzi upitishwe kwenye nta. Urefu wake uwe kama mara nne ya urefu wa mshono; anayepima mara mbili atakatikiwa katikati ya kazi.

Kutoboa matundu ya bizimu kunataka chuma cha mviringo chenye makali, na kukipiga kunataka nyundo ya mti. Nyundo ya chuma hutandaza kichwa cha zana upesi, na zana iliyotandazwa kichwa hurusha vipande vya chuma machoni. Gogo la mti lililosimamishwa ndilo meza ya kutobolea. Kukatia pawe juu ya ubao laini au plastiki nene. Sakafu ya saruji huua kisu kwa mkato mmoja.

Kwa kupimia nafasi za mshono viko vyuma vyenye meno vinavyouzwa kwa bei si haba. Uma wa mezani, ulionyooshwa na kusawazishwa meno, hubonyeza alama zinazotosha kwa mikanda mia ya kwanza. Asicheke mtu: alama ni alama, na tundu lenyewe hutobolewa na maharazi.

Orodha ya kuanzia imekwisha, isipokuwa msasa, nta na gundi. Vyuma vya maua vingoje, na mihuri ya herufi ingoje zaidi. Zana moja tu ya kununuliwa baadaye, fedha za mikanda ya kwanza zikisharudi, ni kile kisu kidogo cha kuondolea pembe za ukingo, ambacho mdomo wake umegawanyika kama ulimi wa kenge. Kimoja chawatosha watu watano. Visu vya kukatia, kinyume chake, visiazimwe. Kila mmoja hunoa kwa mkono wake, na kisu kinachonolewa na mikono mitano hakina makali ya mtu yeyote.

Kazi ya ukingo huanza wakati wa kukata, jambo ambalo wengi hulisahau. Kisu kisimame wima. Kikilala kidogo tu, ukingo hutoka umeinama, na hakuna msasa utakaouinua bila kula upana wa mkanda. Mkato uwe mmoja mrefu, au miwili katika njia ile ile, mwili ukirudi nyuma pamoja na mkono. Anayekata kidogo kidogo huacha ngazi, na kila ngazi humngoja mbele kwenye msasa.

Kama mkanda ni wa ngozi mbili zilizobandikwa, gundi ifike ukingoni kabisa. Wapo wanaoibania katikati wakiogopa itajitokeza nje; matokeo yake ni mwanya mwembamba unaofunguka mara mkanda unapopindwa kiunoni. Heri gundi itoke na kufutwa. Ngozi ya chini ikatwe pana kidogo kuliko ya juu, na ikisha kukauka zikatwe zote mbili pamoja. Msasa uzungushiwe kibao kilichonyooka, uanze na ule wa kati, namba 180 au 220, umalizie na laini, namba 400, hadi mstari wa gundi usisikike chini ya ukucha.

Hapo pembe za ukingo huondolewa, juu na chini, ili ukingo uwe na mgongo wa mviringo. Asiye na kile kisu cha ulimi wa kenge aweza kufanya hivyo kwa msasa, polepole, akihesabu mapitio ili pande zote zilingane. Pembe zisipoondolewa, ngozi itasukumwa nje wakati wa kusugua na kufanya midomo pande zote mbili, kama kichwa cha uyoga. Midomo hiyo ndiyo alama kubwa ya kazi ya haraka.

Rangi, kama itatiwa, hutiwa sasa. Ikingojea hadi baada ya nta haitaingia.

Kisha maji. Ukingo ulowe kidogo kwa kitambaa au sifongo, usizamishwe. Ukilowa mno ngozi huwa laini kama ugali, na kila msuguo huitandaza badala ya kuishikanisha. Maji yenyewe yasiwekwe ndani ya kopo lenye kutu. Dawa iliyomo katika magome, ikikutana na chuma, hufanya weusi ule ule ambao kwa karne nyingi ulitengenezea wino wa waandishi. Tone moja la maji ya kutu juu ya mkanda wa rangi ya asali, na mkanda huo hauna budi kupakwa rangi nyeusi. Doa likiwa bado jipya, maji ya ndimu huweza kulififisha. Kwa sababu hiyo hiyo mikono iliyotoka kushika vyuma ioshwe kwanza.

Kusugua ndiko kazi yenyewe. Kifaa chake ni kipande cha mti mgumu kilichochongwa mfereji mmoja au miwili unaolingana na unene wa ngozi. Hakuna mti unaoushinda mpingo kwa kazi hii, na vipande anavyovitupa mchonga vinyago vyatosha. Pembe ya ng'ombe au mfupa uliosuguliwa pia hufaa. Kwa kweli hiki ni miongoni mwa vifaa vya kale kabisa vya kazi ya ngozi vilivyopata kuonekana. Mwaka 2013 wachunguzi wa mambo ya kale walitangaza kwamba huko kusini-magharibi ya Ufaransa vimefukuliwa vipande vya mbavu za wanyama, vimelainishwa ncha kwa kusugua ngozi, na umri wake ulikadiriwa kuwa kama miaka 50,000. Watu wa Neanderthal waliovitumia hawakuwa na duka la zana, nacho si kifaa cha kuombewa mkopo hata leo.

Mkono uende haraka bila kukandamiza. Joto la msuguo na ule unyevu kidogo ndivyo vinavyozilaza nyuzi, nguvu huziharibu. Wanaoanza hufanya kinyume: husugua polepole na kwa nguvu, kama mtu anayefua. Baada ya kupita mara kadhaa sauti hubadilika, kifaa huanza kuteleza, na ukingo hupata mng'aro wake wenyewe kabla haujatiwa chochote. Usipopata mng'aro huo, pana jambo mojawapo: ngozi ni ya kromu, au ni ya tumbo, au msasa haukumalizwa. Nta haitaficha lolote kati ya hayo.

Mafundi wengi hutia gundi nyepesi katikati ya kazi hii, iliyotokana na utomvu wa mgunga ulioyeyushwa kwa maji. Ipakwe nyembamba kwa kidole, isiguse uso wa ngozi kwa sababu huacha alama, na ukingo usuguliwe tena ingali inanata. Ikikauka, msasa laini upitishwe kidogo na kazi irudiwe. Mara mbili zatosha kwa mkanda. Mpini wa mkoba, unaoshikwa kila siku kwa jasho la mkono, wastahili mara tatu.

Mwisho ni nta ya nyuki. Vyama vya wafuga nyuki vikiwapo karibu, kama ilivyo Tabora, nta haihitaji kwenda kutafutwa kwa wafanyabiashara. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo iyeyushwe ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe isiwekwe juu ya moto wenyewe, kwani huwaka. Iliyoganda yaweza kupitishwa kavu juu ya ukingo kama chaki, kisha kisugulio kikaiyeyusha kwa joto lake. Kumalizia ni kwa kitambaa cha turubai au cha jinzi kuukuu, hadi ukingo usiache alama juu ya kidole.

Ngozi ya kromu nayo ina njia yake. Ukingo wake hupunguzwa unene, hukunjwa ndani kama milimita 10, hubandikwa na kupigwa kwa nyundo. Ni kazi safi, ila ni ufundi mwingine, wenye kisu chake, na yafaa uachiwe mwaka wa pili.

Makatibu wana sehemu yao, nayo si ndogo. Mkanda wa mita moja una ukingo wa zaidi ya mita mbili, kwa kuwa una pande mbili na ncha. Kuumaliza huchukua muda kama wa kuushona, pengine zaidi. Mafundi wakilipwa kwa idadi ya mikanda na pasiwe na anayekagua, ukingo ndio utakaokatwa muda kwanza, maana mshono usioshonwa huonekana kwa mbali ilhali ukingo uliopakwa nta juu ya nyuzi huonekana umekamilika kwa siku tatu za kwanza. Wanachama wa vyama vya kahawa wanalifahamu jambo la namna hii: mbuni mbichi zikichanganywa na mbivu, mzigo wote hushuka daraja, na aliyechuma vizuri hulipa pamoja na aliyeharakisha. Malipo kwa idadi si mabaya, mradi yafanywe baada ya ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe hautaki mtaalamu. Mkanda mmoja uliokubaliwa na kikundi chote utundikwe ghalani uwe kielelezo, na mingine ilinganishwe nao, siyo na kumbukumbu ya mtu. Kitambaa cheupe cha pamba kipitishwe ukingoni: kikinasa, nyuzi hazijalala, kikichukua rangi, rangi haijakauka au haikufutwa. Mkanda upindwe mpaka ncha zikutane, na mahali palipopindwa patazamwe kama ngozi mbili zinaachana. Kisha kidole gumba kipitishwe pande zote mbili, kwani wapo wanaosugua vizuri upande wa juu tu, ule unaoonekana ukiwa dukani.

Mkanda uliokataliwa haukupotea. Kama umekatwa wima na ngozi ni ya mgongo, ukingo waweza kurudishwa upya kwa msasa, kwa hasara ya nusu milimita ya upana. Nta ya zamani lazima iondolewe yote kwanza, la sivyo maji hayataingia na kusugua kutakuwa ni kupoteza jioni. Arudishiwe fundi yule yule aliyeufanya, auzungushie msasa mwenyewe, na katika kitabu cha ghala ziandikwe tarehe zote mbili: ya kukataliwa na ya kupokelewa.